Landrova, mkonga, shangingi: historia ya siti ya nyuma

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua daraja la Kigongo–Busisi, Juni 19, 2025, msafiri wa Mwanza kwenda Geita alipata mengi na kupoteza kimoja: kunyoosha miguu. Enzi za kivuko abiria walishuka garini. Aliyekaa nyuma kabisa ulimjua tu. Alitoka kinyumenyume, mkono mmoja mlangoni na mwingine kiunoni, akasimama kidogo damu irudi ndipo akafuate tiketi. Sasa kilomita tatu zinapita kwa dakika chache, na goti linabaki lilivyokunjwa tangu Mwanza.

Habari hizo zilinipeleka Kahama, kwa fundi wa kushona viti vya magari. Nilimkuta na rafiki yake, dereva mstaafu wa serikali aliyezunguka Shinyanga yote enzi Geita bado iko mkoa wa Mwanza. Mmoja anajua siti kwa kuzifumua, mwingine kwa kuzikalia. Ila dereva, na hili msomaji alikumbuke, maisha yake yote alikaa mbele.

Yeye huanzia kwa Landrova ndefu, ile 109, gari la bwana DC, mmishenari na bwana shamba. Ilikuwa na watu watatu mbele na watatu katikati, nyuma wakitazamana wanne. Mwaka 1962 Waingereza wakatoa ya watu 12, sita wamebanwa kule nyuma kwenye vibenchi. Usidhani waliwaonea huruma wenye familia kubwa. Kwa sheria ya kwao gari la watu 12 lilihesabiwa kuwa basi, na basi lilisamehewa kodi ya mauzo. Watu wawili wakaongezwa ili mnunuzi apone kodi, na mtindo huo ukasafiri hadi kwenye makoloni ya zamani.

Kwa mkonga, wazee wangu walikaribia kugombana.

Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, nasi tukaibatiza mkonga kwa bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Ile ndefu, yenye milango mikubwa nyuma, inabeba hadi watu 13: watatu mbele na kumi kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Dereva anaiapia. Anasema benchi la kutazamana ndilo la kiungwana, kwa kuwa watu wanaonana, safari inanoga, na katikati panabaki njia ya kulaza mgonjwa, gunia, hata jeneza. Na kweli, gari hilohilo ndilo limekuwa ambulansi ya vijijini.

Fundi aliweka sindano chini. Kwake hilo ni benchi la mizigo inayopumua. Alichukua ubao mwembamba akautandika kipande cha sponji, akaniambia nikae ubavu kuelekea mbele, halafu akausukuma. Nikateleza. Akanifafanulia kuwa benchi lenyewe liko juu ya matairi ya nyuma, na springi za gari ni zile za vyuma vya kupangwa, zilizokadiriwa kwa uzito mkubwa; gari likiwa jepesi linarusha. Dereva akikanyaga breki, mwili hauna pa kuegemea, kwa hiyo watu watano wa upande mmoja wanaserereka kuelekea mbele, na wa mbele kabisa anapokea mzigo wa wenzake wanne. Dereva akajibu kwamba abiria ashikilie. Fundi akauliza ashikilie nini. Kahawa ya watu ikapoa.

Niliwahi kupanda mkonga kutoka Kakola hadi Kahama wakati wa masika. Nyonga yangu ilishaamua kesi hii siku nyingi.

Migodi ya Geita (2000) na Bulyanhulu (2001) ilipofunguliwa, mkonga ukazidi, ukiwa na bendera juu ya mlingoti mrefu ili madereva wa malori makubwa ya mawe wauone. Pamoja nao likaja shangingi, jina tulilomnyang'anya mwanamke mjanja apendaye kujionyesha tukalipa Land Cruiser ya mfululizo wa 80 (1990), na wadogo zake wa 100 (1998) na 200 (2007). Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyasema sana mashangingi kwa gharama zake. Siti za nyuma kabisa hazikusemwa na mtu.

Mbele na katikati shangingi ni sebule. Safu ya tatu ni viti viwili vinavyokunjwa na kuning'inizwa ubavuni kama masikio, na ukivishusha sakafu inakuwa juu kwa sababu ya ekseli iliyo chini yake. Mtu mzima akikaa, magoti yanakutana na kidevu. Mfululizo wa 300, wa mwaka 2021, umevizamisha sakafuni. Wengi huku hatujavikalia.

Aliyetukomboa kwa muda ni Noah, ambayo wala si jipu. Ile ya 2001 iliendeshwa kwa tairi za mbele, sakafu ikashuka, na mama wa makamo akaweza kupanda bila kushikwa mkono. Injini yake haivuki cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 badala ya 10 ya injini kubwa. Kodi tena. Ilitengenezwa kwa watu saba au wanane, lakini vijijini ikawekewa kibao katikati ya siti, na nafasi ikaisha. Kuhusu michomoko, magari madogo ya abiria ya leo ya Katoro na Runzewe, ambako abiria anagawana siti na dereva mwenyewe, fundi alitikisa kichwa tu.

Nje ya kibanda chake kuna benchi la wateja. Ni nusu ya safu ya tatu ya shangingi, imefungwa juu ya mbao. Mwenye gari aliing'oa ili apate pa kupakia mchele, na nailoni ya kiwandani ilikuwa bado haijavuliwa. Nilikaa hapo karibu saa nzima, miguu nimeinyoosha mpaka barabarani.