Kabla Uulizwe Rangi ya Mswaki: Intavyu ya Ndoa Marekani Ilitoka Wapi?

Bwana yako hulala upande gani wa kitanda? Mswaki wake ni wa rangi gani? Jana usiku mlikula nini, na nani alipika? Mama mkwe anaitwa nani, na mliongea naye lini mara ya mwisho?

Haya ndiyo maswali wasee husimuliana kila wakisikia mtu wa mtaa ameitwa intavyu ya grinkadi huko majuu, kwa sababu ameoa au ameolewa na raia wa Marekani. Watu hucheka sana. Kuna hata filamu ya mwaka 1990, Green Card, ya Gérard Depardieu na Andie MacDowell, na ni kichekesho mwanzo hadi mwisho. Lakini ukiwa wewe ndiye uko kwa kile kiti, hakuna cha kucheka. Afisa asipoamini ndoa yenu, mmoja wenu anaweza kuishia kwa ndege ya kurudi nyumbani.

Leo nataka tuulize swali lingine. Serikali ilianza lini kukaa katikati ya mke na mume na kuwauliza mambo ya chumbani? Nimefuata hiyo historia na nikaona kitu kimoja: maswali yamekuwa yakimfuata mtu ambaye Marekani inamuogopa wakati huo. Mapenzi yenu hayajawahi kuwa ndiyo shida.

Wakati harusi ilikuwa inatosha

Mwaka 1855 Marekani ilipitisha sheria kwamba mwanamke mgeni akiolewa na raia, anakuwa raia papo hapo. Hakuna intavyu, hakuna fomu. Ila ilimfaa tu mwanamke ambaye sheria ilimruhusu kuwa raia, na wakati huo hiyo ilimaanisha mzungu.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1907 ikaja sheria kwamba mwanamke Mmarekani akiolewa na mgeni, anapoteza uraia wake. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na Mwingereza mwaka 1909. Alipoenda kujiandikisha kupiga kura akaambiwa yeye si raia tena. Akapeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1915 akashindwa. Alikuwa hajahama hata nyumba.

Hizo sheria zilianza kuvunjwa mwaka 1922. Lakini ona jinsi watu walikuwa wanafikiria: mwanamke ni mzigo wa mwanaume, anafuata alipo. Hakuna aliyeuliza kama ndoa ni ya ukweli. Waliuliza tu bwana ni nani.

Kisiwa cha maswali

Hiyo mbinu ya kuwatenganisha mke na mume halafu kulinganisha majibu ilikuja na Wachina.

Mwaka 1882 Marekani ilifungia vibarua wa Kichina mlango. Wafanyabiashara wao waliruhusiwa, na mwaka 1900 Mahakama ya Juu ikasema mabibi na watoto wao wanaweza kuwafuata. Sasa shida: mwanamke anashuka meli San Francisco, anasema yeye ni bibi ya fulani. Atathibitisha vipi? Harusi ilikuwa ya kijijini, mbele ya wazee na jamaa. Cheti cha serikali hakuna.

Maafisa wakaamua: huyu aulizwe huku, bwana aulizwe kule, na majibu yalingane. Kutoka 1910 hadi 1940 hii kazi ilifanyika sana kwenye kituo cha Angel Island, kisiwa kidogo pale kwenye ghuba ya San Francisco. Watu waliulizwa nyumba yao iko safu ya ngapi kijijini, mlango unaangalia wapi, chombo cha mchele kinakaa upande gani. Wengine walizuiliwa hapo wiki, wengine miezi.

Ni kweli uongo ulikuwepo. Moto wa mwaka 1906 uliteketeza rekodi za San Francisco, na Wachina wengi wakapata nafasi ya kudai ni watoto wa raia. Watu walinunua majina na kukariri majibu kwa meli kama mtu anayengoja mtihani wa KCSE. Lakini fikiria yule ambaye hakudanganya. Ngazi za kwenu ni ngapi? Hujui. Hakuna mtu huhesabu ngazi za kwao. Aliyekariri alipita, na mkweli asiyehesabu ngazi alibaki kisiwani.

Kwa hivyo swali la mswaki lina miaka zaidi ya 100, na wa kwanza kulisoma vizuri walikuwa wanawake wa Kichina.

Mabibi wa wanajeshi

Vita vya Pili vya Dunia vikaisha, na wanajeshi wa Marekani wakawa wameoa huko walikokuwa. Desemba 1945 ikapitishwa sheria ya kuwaleta mabibi zao bila kungoja foleni ya kawaida. Makumi ya maelfu waliingia hivyo.

Ellen Knauff hakuingia. Alizaliwa Ujerumani, akaolewa na Mmarekani aliyekuwa amepigana vitani, na mwaka 1948 akafika New York. Akazuiliwa Ellis Island. Serikali ilisema yeye ni hatari kwa usalama, lakini ushahidi ni siri, hawezi kuuona. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ikaiunga mkono serikali. Magazeti yalipiga kelele, wabunge wakaingilia kati, na mwaka 1951 baada ya kusikilizwa hatimaye aliruhusiwa kuingia. Hofu ya wakati huo ilikuwa ni jasusi na mkomunisti.

Halafu kuna kesi ya Lutwak, iliyoamuliwa mwaka 1953. Watu walipanga harusi Paris na watu waliopigania Marekani, wakaingia nchini kama mke na mume, kisha kila mtu akashika njia yake. Mawakili wao walijitetea kwamba harusi ilifuata sheria za Ufaransa. Mahakama ikasema hilo halisaidii kama hamkukusudia kuishi pamoja. Kuanzia hapo cheti peke yake hakikutosha. Serikali ilitaka kujua ulikuwa unafikiria nini siku ya harusi.

Faili la Mluo mmoja Honolulu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1959 kijana kutoka Nyanza alifika Hawaii kusoma. Jina lake Barack Obama, babake yule wa Ikulu ya Washington. Kenya alikuwa ameacha bibi, Kezia. Februari 1961 akamuoa Ann Dunham, Mmarekani.

Aprili mwaka huo huo, afisa wa uhamiaji wa Honolulu aliandika barua ya ndani kumhusu. Faili hilo lilitolewa hadharani mwaka 2011. Lilieleza kwamba Obama alisema ameachana na bibi wa Kenya kwa kumwambia tu, na kwamba bibi Mmarekani akijaribu kumwombea makaratasi, ndoa yao ichunguzwe kama ni ya kweli.

Hebu tulia hapo kidogo. Ann alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa Agosti. Lakini kwa faili, kitu cha kwanza kilikuwa shaka. Na sidanganyi, afisa alikuwa na sababu ya kuuliza, kwa sababu sheria ya Marekani haikubali bibi wawili. Mila ya Kijaluo ilikubali, na haikuhitaji karatasi yoyote kuoa. Mifumo miwili ya ndoa iligongana kwa meza moja, na mmoja ndio ulikuwa na muhuri. Obama hakuwahi kupata grinkadi kupitia hiyo ndoa. Mwaka 1964 uhamiaji ulikataa kumwongezea muda akiwa Harvard, na akarudi Kenya.

Wakili aruhusiwe

Miaka ya 70 watu walichoka. New York kulikuwa na kesi iliyoanza 1974, inaitwa Stokes. Iliisha mwaka 1976 kwa makubaliano: wanaohojiwa waje na wakili, wakitenganishwa maneno yao yarekodiwe, na majibu yakigongana wapewe nafasi ya kueleza. Hadi leo hiyo intavyu ya kutenganishwa huitwa "Stokes". Watu wengi hufikiri hilo ni jina la mtego. Kumbe ni jina la kesi iliyowapa haki.

Mwaka 1975 pia mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Bark, bwana kutoka Korea aliyekuwa ameachana na bibi yake kwa muda. Majaji walisema swali ni kama walikusudia kuishi pamoja siku walipooana. Wakaongeza kitu ninachokipenda sana: huwezi kumdai mgeni awe na ndoa nzuri kuliko ya raia. Kwani Wamarekani wenyewe hawaachani?

1986: mgeni ni mshukiwa

Halafu mambo yakakaza. Mwaka 1985 mkuu wa uhamiaji aliambia Seneti kwamba karibu asilimia 30 ya hizi ndoa zinashukiwa kuwa feki. Namba hiyo ilitembea. Baadaye ilibainika kortini kwamba utafiti wenyewe haukuwa wa kutegemewa, ulihesabu shuku za maafisa. Lakini ilikuwa too late, sheria ilishapita. Novemba 1986 Rais Reagan aliitia sahihi.

Kuanzia hapo, ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili unapewa kadi ya miaka miwili tu, halafu wote wawili mnaomba tena pamoja. Ukioa ili kukwepa sheria, kifungo ni hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000.

Sasa ona hiyo "pamoja" ilifanya nini. Bwana anampiga bibi, bibi akitaka kuondoka anaambiwa: enda, mimi sisaini. Karatasi ikageuka kuwa mnyororo. Ilichukua hadi 1990 kuwekwa mlango wa aliyepigwa kuomba bila sahihi ya mwenzake, na 1994 sheria nyingine ikamruhusu kujiombea grinkadi mwenyewe kutoka mwanzo. Sheria ya kuzuia wadanganyifu ilikuwa imewapa wapigaji silaha.

Leo, na sisi tuko wapi

Tangu 2003 kazi hii inafanywa na USCIS. Mnaingia, mnainua mkono wa kulia, mnaapa, mnaonyesha makaratasi: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, kodi, picha. Nyingi ya hizi intavyu si za kutisha kama filamu. Lakini angalia hiyo orodha vizuri. Ni maisha ya mtu wa kipato cha kati. Kama mnakaa kwa chumba cha binamu na mnalipwa pesa mkononi, mnaweza kupendana hadi kufa na bado mkaonekana feki.

Na sisi tunakuja na ruracio, ayie, koito, nikaha. Ushahidi wetu ni wazee, mbuzi na mashangazi waliopiga vigelegele. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila sawa na zile za kanisani, lakini usajili wake ulianza Agosti 2017 tu. Kuna wazazi wengi hapa Kenya wameoana miaka 30 bila hata karatasi moja. Ni sehemu ile ile yule bibi wa Kichina alikuwa amesimama. Kwa hivyo kama mmeoana kimila, sajilini. Msingoje mpaka siku kuna visa mezani.

Na wewe unayeambiwa na broka kuna mtu atakuoa kwa doo ili uende majuu: wachana na hiyo story. Mbali na jela, sheria yao inasema ukipatikana uliwahi kuingia ndoa ya hivyo, hakuna ombi lingine la kukuleta kama mke, mume au ndugu litakubaliwa tena. Hata ukipata mapenzi ya kweli miaka 10 baadaye.

Lakini pia tusijifanye Marekani ndio wabaya peke yao. Katiba yetu ya zamani ilimpa bibi mgeni wa Mkenya haki ya kusajiliwa kuwa raia. Bwana mgeni wa Mkenya wa kike hakuwa nayo. Yaani ile fikra iliyomnyima Ethel Mackenzie kura mwaka 1915 ilikuwa hai Nairobi hadi Katiba ya 2010, iliyosema yeyote aliyeolewa au kuoa raia kwa miaka 7 anaweza kuomba.

Msimamo wangu ni huu. Nchi ina haki ya kuuliza. Lakini anayeuliza akumbuke swali lake lilizaliwa wapi, na anayejibu ajue haki zake: wakili, mkalimani, na kusema "sikumbuki" pale ambapo kweli hukumbuki. Kubahatisha jibu kumewaumiza watu wengi kuliko kusahau rangi ya mswaki.

Kwenu je, wazazi wako wangethibitisha ndoa yao na nini? Niambie hapo chini.