Tufe la Moto Ndani ya Ndege

Kila mwandishi wa programu anamjua mteja wa aina hii: anapiga simu kusema mfumo umekwama, unajaribu mara kumi na kila kitu kinafanya kazi barabara. Ni rahisi kumwambia ameona vibaya. Nimeshafanya hivyo, na haukuwa uungwana.

Basi mfikirie Roger Jennison, Mwingereza mtaalamu wa elektroniki. Usiku mmoja wa Machi 1963 alikuwa ndani ya ndege kutoka New York kwenda Washington, dhoruba imechacha. Radi ikaipiga ndege. Sekunde chache baadaye tufe linalong'aa, la samawati na weupe, lenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 20, likatoka upande wa rubani na kuelea kwenye njia iliyo kati ya viti, kimo cha sentimita 75 hivi, kwa mwendo usiobadilika. Hakuhisi joto. Mwaka 1969 alieleza kisa hicho katika jarida la Nature.

Watu walikuwa wakisimulia radi ya mviringo tangu zamani, na wanasayansi wengi wakijibu kwamba ni macho tu: mwako mkali huacha alama inayosogea unapogeuza macho. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Innsbruck, Austria, wakaongeza kwamba usumaku wa radi zinazofuatana unaweza kuchokoza ubongo uone mwanga usiokuwepo. Hoja nzuri, si dharau. Ila mhudumu wa ndege, aliyefungwa mkanda nyuma ya Jennison, aliliona tufe lile lile likielekea nyuma. Bongo mbili, njia moja?

Kilichokosekana ni kumbukumbu za mashine. Zilipatikana kwa bahati Julai 2012, kwenye nyanda za juu za Qinghai, China. Watafiti kutoka Lanzhou walikuwa wakirekodi radi za kawaida, mara tufe likatokea mbele ya vifaa vyao. Mwanga wake, waliouchapisha mwaka 2014, ulionyesha silikoni, chuma na kalsiamu: vitu vya udongo. Hilo lililingana na nadharia iliyotolewa New Zealand mwaka 2000, kwamba radi hugeuza silikoni ya ardhini kuwa mvuke unaoungua polepole.

Wapo waliotilia shaka, maana nyaya za umeme zilikuwa karibu. Mimi nayaamini yale ya Qinghai. Lakini ndege ya Jennison ilikuwa angani, imezungukwa na bati. Udongo ulipandaje humo?