Ugonjwa Usiongoja Foleni

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia ugonjwa uitwao ALS. Ugonjwa huu huua neva zinazoamrisha misuli. Mtu huanza kwa kuangusha kikombe au kujikwaa. Baadaye hushindwa kutembea, kusema, kumeza, na mwisho kupumua. Mara nyingi akili hubaki timamu: anasikia yote mnayosema juu yake.

Si uchawi, wala hauambukizi. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza tangu 1869. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hupunguza kasi kidogo tu, na wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili kuanza.

Hata nchi tajiri ilichelewa. Marekani, mtu aliyeacha kazi kwa ulemavu hungoja miezi 24 kabla ya kupata bima ya serikali, Medicare. Hebu piga hesabu! Wagonjwa wa ALS na jamaa zao walipaza sauti, na tangu 2001 wao hawangoji tena miezi hiyo.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa turudi Kampala, kwenye kilima cha Kyambogo. Uganda haikuanza na ALS. Ilianza na vipofu, viziwi na waliopooza kwa polio. Mwaka 1987 vyama vyao viliungana vikaunda NUDIPU. Katiba ilipoandikwa walikuwa na mjumbe mmoja tu, lakini walishawishi hasa: Katiba ya 1995 ikataja haki zao, hata lugha ya alama. Mwaka 1996 wakaingia bungeni wabunge wao watano, akiwemo Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi.

Lakini haki iliyoandikwa inahitaji watu wa kuitekeleza, na wengi wao wamesomea Kyambogo. Hapo palikuwa na UNISE, taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Mwaka 2003 iliunganishwa na chuo cha walimu na chuo cha ufundi, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wanaohitimu hapo ni walimu wa elimu maalumu, wakalimani wa lugha ya alama na wahudumu wa ulemavu wanaofanya kazi vijijini.

Na bima? Hapo Uganda bado. Mwaka 2001 ada zilifutwa katika vituo vya afya vya serikali, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipitishwa na Bunge Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, ukakwama. Ajabu ni kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Uganda iliuridhia 2008, unakataza kumbagua mwenye ulemavu katika bima. Lakini bima yenyewe wengi hawana!

Kilichopo ni huduma ya kupunguza mateso. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji ya kunywa. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Kwa mgonjwa wa ALS anayehangaika kupumua, dozi ndogo humtuliza. Uliza kituoni kwako kuhusu huduma ya hospisi.

Siku ya kuhakikiwa, mtaje mgonjwa wenu kuwa ni mtu mwenye ulemavu hata kama bado anatembea, maana uhakiki ujao unaweza kumkuta kitandani. Mlisheni akiwa amekaa wima, polepole, chakula laini. Lugha ya alama haitamfaa, mikono yake inadhoofika. Kwa hiyo, kabla sauti haijaisha, kubalianeni naye: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Halafu muulizeni yeye mwenyewe, msimuulize jirani, kama anataka kugeuzwa.

(MUZIKI. MWISHO WA SEHEMU.)