Expósito: Jina la Ukoo Lisilotokana na Ukoo

Majina ya koo za Kihispania aghalabu hugawanywa katika makundi manne. Yapo yanayotokana na jina la baba, kama Fernández, mwana wa Fernando. Ya mahali, kama Toledo. Ya kazi, kama Herrero, yaani mhunzi. Na ya maumbile au tabia, kama Delgado, mwembamba. Expósito halimo katika kundi lolote kati ya hayo. Hoja ya makala haya ni kwamba jina hili ni kumbukumbu ya taasisi, wala si ushahidi wa nasaba.

Chimbuko lake ni neno la Kilatini la kumtaja mtoto aliyeachwa nje. Kwa karne nyingi makarani waliwaandikia jina hilo watoto walioachwa milangoni mwa makanisa au katika nyumba za kulelea watoto wa kuokotwa, mfano wa Inclusa ya Madrid, iliyoanza kuwapokea katika karne ya 16. Nyumba hizo zilikuwa na torno, kasha la kuzunguka lililojengwa ukutani. Aliyemleta mtoto alimlaza humo, akalizungusha, na mlezi akampokea kwa ndani pasipo wawili hao kuonana. Karani aliandika siku ya kupokelewa na nguo alizovaa mtoto. Kikaratasi kilichobandikwa nguoni, aghalabu cha kueleza iwapo amebatizwa, kilihifadhiwa. Wengi walifariki wangali wachanga. Walionusurika waliwarithisha watoto wao jina hilo.

Kwa hiyo akina Expósito wawili wa mtaa mmoja huenda wasiwe na damu moja hata kidogo. Mfanyabiashara anayewauzia nembo ya “ukoo wa Expósito” anawauzia uzushi.

Jina hilo lilibeba pia fedheha, kwani jamii ilimdhania mwenye nalo kuwa mwanaharamu. Mwaka 1794 Mfalme Carlos IV aliamuru watoto hao wahesabiwe kuwa halali katika haki za kiraia, na anayewatukana kwa asili yao aadhibiwe. Amri ilikuwa ya haki, lakini haikutosha: kila cheti kiliendelea kutangaza kile ambacho sheria ilikataza kusemwa. Ndipo mwaka 1921 sheria ikawaruhusu wenye jina hilo kulibadili, na kanuni za usajili za mwaka 1958 zikawazuia maofisa kumpa mtoto jina lolote la kuashiria asili isiyojulikana.

Yupo atakayesema kwamba heri jina hili lingetoweka kabisa. Sikubaliani naye. Aliyelibadili alitumia haki yake. Aliyebaki nalo, na wapo wengi hadi leo, hasa Andalusia, hana la kuonea haya. Aibu ni ya jamii iliyomhukumu mtoto kwa kosa asilolitenda. Mtafiti wa jina hili na aziache nembo, aende kwenye rejista za nyumba zile: humo ndimo historia yake ilimoandikwa.