Upasuaji wa kurekebisha maumbile baada ya mionzi

Upasuaji wa kurekebisha maumbile baada ya mionzi ni tiba ya kurudisha umbo na kazi ya kiungo kilichoharibiwa na saratani au matibabu yake. Mionzi huua seli za saratani, lakini pia huharibu mishipa midogo ya damu. Ngozi hukakamaa na vidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo daktari huhamisha nyama yenye mishipa yake kutoka sehemu isiyopigwa mionzi. Titi huweza kuundwa kwa msuli wa mgongoni, mbinu iliyoelezwa na Mwitalia Iginio Tansini mwaka 1906. Taya hujengwa kwa mfupa mwembamba wa mguu, na mishipa yake hushonwa kwenye ile ya shingoni kwa msaada wa hadubini.

Mombasa, kutafuna tambuu ni mazoea ya tangu jadi katika Mji wa Kale, na mbegu ya popoo iliyomo husababisha saratani ya kinywa, ambayo huweza kumfikisha mgonjwa kwenye mionzi na upasuaji huu wa taya. Kwa miaka mingi wagonjwa wa pwani walifuata mionzi Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Aliyepigwa mionzi ya taya asing'oe jino kabla ya kumweleza daktari, kwani mfupa huo unaweza kufa.