Eastlands ya Nairobi: Ardhi na alama zake kando ya zile za Vienna na Berlin

NCHI zinazozungumza Kijerumani, hasa Ujerumani, Austria na Uswisi, zina alama nyingi zinazojulikana ulimwenguni. Lango la Brandenburg mjini Berlin lilikamilishwa mwaka wa 1791. Kanisa Kuu la Cologne, lililoanza kujengwa mwaka wa 1248 na kukamilika 1880, lina minara inayofikia kimo cha mita 157. Mlima Matterhorn, ulio mpakani mwa Uswisi na Italia, una kimo cha mita 4,478.

Hata hivyo, miongoni mwa alama za nchi hizo zimo pia zile ambazo si kasri, kanisa wala mlima, bali ni mitaa ya kawaida iliyojengewa wafanyakazi na maskini. Mitaa hiyo ingali ina wapangaji hadi leo, na wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuitazama.

Jambo hilo lina uzito kwa wakazi wa Nairobi. Mashariki mwa jiji hilo, katika eneo la Eastlands, ipo mitaa ya wafanyakazi yenye historia isiyopungua hiyo. Tofauti ni kwamba mitaa ya Eastlands huenda ikabomolewa kabla ya kutambuliwa kuwa alama.

ARDHI NA MITO

Nairobi imegawanywa na maumbile yenyewe. Upande wa magharibi ni wa miinuko, miti na udongo mwekundu wenye rutuba. Kuelekea mashariki ardhi hushuka na kuwa tambarare, na udongo huwa mweusi, wa kunata wakati wa mvua na wenye kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo huvimba na kusinyaa, hivyo msingi wa nyumba hugharimu zaidi.

Mito mitatu hupita katika eneo hilo: Nairobi, Mathare na Ngong. Maji yake huishia katika Mto Athi, ambao mbele hujulikana kama Galana na kisha Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa kuwa Eastlands iko chini, hupokea maji na taka za sehemu za juu za jiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaathiri vibaya wakazi wa Mathare na mabanda ya Mukuru. Jaa kuu la taka za jiji pia liliwekwa upande huo, Dandora, katika miaka ya 1970.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, watawala wa kikoloni waliwatengea Wazungu miinuko ya magharibi. Waafrika waliotakiwa kufanya kazi mjini walisukumwa mashariki, karibu na reli na viwanda.

MITAA NA MAJINA YAKE

Majina ya mitaa ya Eastlands ni historia kamili kwa anayejua kuyasoma. Kariokor, ukingoni mwa eneo hilo, unakumbusha kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi hao waliwabebea Waingereza mizigo katika vita dhidi ya jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu yao walifariki, wengi kwa maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo.

Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukiwa mtaa wa kwanza rasmi wa Waafrika mjini, na sehemu yake inayoitwa Majengo ilijulikana kwa nyumba za Kiswahili zilizojengwa na wakazi wenyewe. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka wa 1926. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilichobomolewa.

Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka wa 1952. Mitaa ya Ofafa ilipewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Baada ya uhuru ilifuata mitaa ya Buruburu na Umoja, na vilevile Dandora, ambako Benki ya Dunia ilisaidia kugawa viwanja 6,000 vilivyowekewa maji na mabomba ya majitaka ili wenyewe wajijengee.

Alama nyingine ni uwanja wa michezo ulio kando ya Barabara ya Jogoo. Mashabiki wa Gor Mahia waliuzoea kwa jina la City Stadium kabla ya kupewa jina la Joe Kadenge, mwanasoka mashuhuri aliyefariki mwaka wa 2019.

UKUMBI WA KALOLENI

Katika mitaa hiyo yote, Kaloleni una nafasi ya pekee. Ulijengwa katika miaka ya 1940, na miongoni mwa waliotumiwa katika ujenzi huo ni mateka wa vita wa Kiitaliano. Tofauti na safu za vyumba vya makapera zilizotangulia, Kaloleni ulikusudiwa familia. Nyumba zake za mawe na vigae zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi na miti, pamoja na ukumbi, maktaba na zahanati.

Ndani ya ukumbi huo, mnamo Aprili 23, 1950, chama cha KAU na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Majuma machache baadaye yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkubwa ukazuka Nairobi.

JUMBA LA KARL MARX NA MITAA YA BERLIN

Mjini Vienna, baraza la jiji lilijenga zaidi ya makao 60,000 ya wafanyakazi kati ya 1919 na 1934. Maarufu zaidi ni Karl-Marx-Hof, jumba lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja lililojengwa kati ya 1927 na 1930 kwa michoro ya Karl Ehn. Lilikuwa na makao 1,382, nyua pana za miti, vyumba vya kufulia, shule za chekechea, maktaba na zahanati.

Mjini Berlin, Bruno Taut na Martin Wagner walibuni mtaa wa Hufeisensiedlung, unaoitwa hivyo kwa kuwa nyumba zake zimezunguka kidimbwi kwa umbo la kwato ya chuma ya farasi. Mwaka wa 2008 UNESCO iliuingiza mtaa huo na mingine mitano ya Berlin katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mkongwe kuliko yote ni Fuggerei katika mji wa Augsburg, ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger mwaka wa 1521. Mpangaji wake hadi leo hulipa kodi isiyofika hata euro moja kwa mwaka na hutakiwa kusali mara tatu kila siku.

Kuna mtu mmoja anayeunganisha historia hizi mbili. Ernst May, msanifu majengo aliyesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt katika miaka ya 1920, alihamia Afrika Mashariki mwaka wa 1934 baada ya Wanazi kutwaa mamlaka. Alifanya kazi Nairobi na kuandaa mpango wa upanuzi wa Kampala kabla ya kurejea Ujerumani katika miaka ya 1950. Hakuijenga Eastlands, lakini maisha yake yanaonyesha kwamba fikra za makao ya wafanyakazi zilivuka bahari.

Mitaa hii hufanana hata katika mateso. Mnamo Februari 1934, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Austria, jeshi liliishambulia Karl-Marx-Hof kwa mizinga. Aprili 24, 1954, majeshi ya Uingereza yaliizingira mitaa ya Waafrika wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, na maelfu ya wakazi wakapelekwa vizuizini. Katika miji yote miwili, mtaa wa wafanyakazi ulitazamwa na watawala kama ngome ya adui.

TOFAUTI ILIYOPO

Tofauti ilikuwa katika haki. Baraza la Vienna liliwajengea watu waliolipigia kura. Baraza la Nairobi liliwajengea vibarua ambao hawakuwa na kura, na kwa muda mrefu lilihesabu vitanda badala ya familia. Baada ya uhuru baraza lilibaki kuwa mwenye nyumba, lakini mabomba na paa vikachakaa bila kukarabatiwa ipasavyo. Vienna hadi leo humiliki takriban makao 220,000 na huendelea kuyapangisha.

Sasa serikali inajenga upya. Mitaa kama vile Pangani, Shauri Moyo na Makongeni imeingizwa katika miradi ya kubadilisha nyumba za zamani kwa majumba marefu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Vienna nayo ilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba mwaka wa 1923, lakini wenye makao ya kifahari walitozwa kwa viwango vya juu zaidi, na nyumba zilizojengwa zilipangishwa. Nchini Kenya kiwango cha makato ni kimoja kwa wote, na nyumba nyingi hujengwa ili ziuzwe kwa malipo ya muda mrefu.

Hakuna anayeweza kudai kwamba familia ya watu sita iendelee kuishi katika chumba kimoja chenye choo cha jumuiya ili historia ihifadhiwe. Nyumba mpya zinahitajika. Lakini Vienna na Berlin zinaonyesha kwamba mtaa wa zamani unaweza kukarabatiwa, na kwamba mpangaji anaweza kubaki humo bila kuuzuia kuwa alama ya taifa. Kwa mkazi wa Kaloleni au Makongeni, swali la kwanza bado ni lile lililowakabili watu wa Pangani katika miaka ya 1930: nyumba ikishabomolewa, ni nani atakayerudi?