Sauti ya Ofisi

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 1498, mtumishi wa karibu wa mfalme wa Malindi alipanda merikebu ya Vasco da Gama, na Wareno wakakataa kumwachilia ashuke. Mfalme alikuwa ameahidi kuwapa rubani wa kuwavusha hadi India, siku zinapita, rubani haonekani. Gama akatuma ujumbe nchi kavu: nipe rubani, uchukue mtu wako. Rubani akaja, mtumishi akashuka, na tarehe 24 wakang'oa nanga.

Simpendi Gama, na sijui mtu wa Malindi anayempenda, labda anayekata tiketi pale kwenye nguzo. Ila jamaa alikuwa ameshachezewa. Marubani aliopewa Msumbiji walijitosa majini Mombasa siku chache tu kabla, wakaenda zao. Alipofika Malindi alikuwa na swali moja kichwani: huyu anayesema ametumwa, nitajuaje kweli ametumwa?

Ni swali lile lile la simu inayolia saa hii Mtwapa, Watamu au Muyeye.

Simu yenyewe unaijua. "Habari yako mteja wetu mpendwa, unaongea na huduma kwa wateja." Laini yako ina shida. Itafungwa leo saa kumi. Usikate simu. Tunacheka mtandaoni kwamba hao wanapiga kutoka Kamiti, halafu tunashangaa kwa nini mama mtu mzima, anayejua kuhesabu pesa za samaki kuliko karani wa benki, amesoma nambari yake ya siri kwa sauti. "Si angekata tu?" Hapo ndipo sikubaliani na vijana wenzangu. Yule mama si mjinga. Amefunzwa na historia kwamba ofisi ikiita, unaitika.

Turudi 1908. Serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani: mwenye kudai shamba aje mbele ya ofisi adai. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Familia nyingi za Kimijikenda hazikudai. Wengine hawakupata habari, wengine hawakuona maana ya kuthibitisha kwa karatasi minazi na makaburi ambayo kila mtu kijijini aliyajua. Wajukuu wao ndio hawa wanaoitwa maskwota katika kaunti ya Kilifi hadi leo. Somo lililobaki majumbani ni fupi: tarehe ya mwisho ya ofisi haichezewi.

Halafu kuna sauti. Sisi wa pwani tunajidai na Kiswahili chetu, tunacheka cha bara. Lakini nani amekuwa akikaa nyuma ya meza? D.O., karani wa ardhi, afande kituoni: mara nyingi alikuwa mtu wa kutoka bara, anayeongea Kiswahili cha moja kwa moja, bila salamu ndefu, bila "mwanangu". Kwa hivyo mpigaji akiongea kikavu namna hiyo, bibi hasikii mgeni. Anasikia ofisi. Mwizi wala hakuhitaji kuigiza sana.

Na vitisho vyake si vya kubuni kabisa. Mwisho wa 2012 laini ambazo hazijasajiliwa zilizimwa kweli. Mwaka 2022 tukaambiwa tena tusajili upya kabla ya 15 Aprili, foleni zikajaa jua kali, kisha siku yenyewe ilipofika ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Sasa mtu aliyesimama kwenye foleni ile akipigiwa aambiwe usajili wake haukukamilika, ataanzaje kukataa?

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, utapeli wa mwanzo ulikuwa wa kitoto: ujumbe bandia wa pesa, kisha "nimekosea kutuma, nirudishie." Dawa ilikuwa kuangalia salio. Fuliza ilipokuja 2019 hasara ikapata chumba cha pili, maana sasa unaweza kuibiwa hata pesa ambazo huna, ukabaki na deni.

Lakini mageuzi makubwa ni haya: zamani mwizi alikutafuta, siku hizi anangoja umtafute. Tokeni za umeme zimegoma Kilifi saa mbili usiku, unaandika malalamiko chini ya chapisho la kampuni. Dakika tano hazijaisha, ukurasa wenye nembo ile ile unakujibu kwa upole: pole sana, piga nambari hii. Umepiga mwenyewe! Ulinzi wote uliokuwa nao umeuacha mlangoni. Na usidanganywe na tiki ya buluu, pale X inanunuliwa tangu mwisho wa 2022. Jina linalotokea kwenye Truecaller nalo mtu anaweza kujiandikia.

Wazazi wetu walikuwa na kitabu cha simu cha Posta, kizito kama tofali. Kilikuwa na makosa yake, ila mwizi hakuweza kuingia usiku kubadilisha nambari ya hospitali. Sisi tuna mashine ya kutafuta inayompa nafasi ya juu yeyote aliyelipia tangazo.

Ukishaunganishwa naye, kinachofuata ni haraka. Anakuambia ingia kwenye menyu ya kulipa, andika "nambari ya huduma", kisha "nambari ya kumbukumbu", tuseme 4850. Ile ya kwanza ni till yake. Ile ya pili ni shilingi zako. Hajakuuliza hata nambari ya siri, umeibonyeza wewe mwenyewe. Ndiyo maana hataki ukate: ukikata utafikiri.

Basi kata. Usibishane naye, usimtukane, wala usijaribu kumchezea ili uweke video TikTok. Kisha piga wewe, kwa nambari uliyoitoa mahali pengine: nyuma ya kadi ya benki, kwenye risiti, kwenye bango la duka rasmi. Safaricom wanasema wakikupigia wao ni kutoka 0722 000 000 tu, na wewe ukiwatafuta ni 100, au 234 kwa mambo ya M-Pesa. Umeme ni 97771. Ziandike kwa kalamu ukutani karibu na mita, hasa kama unaishi na wazee. Umetuma kimakosa? Sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kabla pesa hazijatolewa. Ujumbe wa kitapeli unaenda 333.

Kuna sheria pia, ya makosa ya kompyuta ya 2018. Anayetumia tovuti au ujumbe kukuhadaa utoe siri zako anaweza kutozwa hadi shilingi 300,000 au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hivyo usifute chochote: piga picha ya skrini, chukua nambari na saa ya simu, upeleke kituoni uandikishe OB.

Na bibi mwambie hivi: ofisi ya kweli itakuwa bado ipo kesho saa mbili asubuhi. Hata akiwa amekata simu ya afisa wa kweli, hakuna shamba litakalochukuliwa usiku huu.